Mwizi wa Kinyozi

Mimi nimeajiriwa kumwibia mume wangu. Watu wakiniuliza ninafanya kazi gani nawajibu hivyo hivyo, wanacheka, nami nawaacha wacheke kwanza kabla sijawaeleza, kwa sababu nikishaanza kueleza wengi huanza kutafuta mlango.

Yeye anatunga misimbo ya mwanga. Chukua uzi mmoja wa fiba, kile kioo chembamba kama unywele, na watu wengi wanaotaka kuutumia kwa wakati mmoja bila kupanga foleni. Inabidi kila mmoja apewe namna yake ya kuwasha mwanga. Muda mdogo sana unakatwa vipande, kisha msimbo unasema mwanga umweke kwenye vipande vipi, tuseme cha kwanza, cha tano na cha kumi na nane. Aliye upande wa pili anatafuta mpangilio huo tu, na mimweko ya wengine kwake ni kelele za sokoni. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, alisema ni kama yeye anavyokijua kikohozi cha mwanawe hata ukumbi mzima ukikohoa, na tangu siku hiyo mimi nimeacha kutafuta mfano mwingine.

Ugumu uko kwenye kuitunga. Umbali kati ya mmweko na mmweko ukishatumika ndani ya msimbo mmoja, hauruhusiwi kujirudia kwenye msimbo mwingine wowote, la sivyo vikohozi viwili vinaanza kufanana. Kwa hiyo mume wangu huanza na misimbo chungu nzima halafu anakata: huu unagongana na ule, nje, ule unajigonga wenyewe, nje. Ndiyo maana kazini wanamwita Kinyozi. Kompyuta inamsaidia kuhakiki, lakini kutunga anatunga kwa vidole, kwa vifungo vya shati alivyovipanga juu ya utepe wa kupimia wa fundi cherehani, ncha mbili za utepe zimebanwa kwa pini ili uwe duara, maana msimbo ukiisha unaanza tena. Vifungo anavikwanyua kwenye mashati yake mwenyewe. Mama yake anavishona upya, anavikwanyua tena, na mimi natembea barabarani na mhandisi aliyefunga shati kwa pini.

Mimi ni Mwizi. Akimaliza kutunga, mimi nakaa mahali ambapo adui angekaa, na mashine zangu, nikijaribu kusikia kisichonihusu. Sheria za wizi huo aliziweka yeye, tena akanilisha yamini nizifuate. Ya kwanza, nisimpigie hodi: nikiona tundu, nisimnong'oneze pembeni, niseme palepale kwenye jaribio mbele ya mwenye mali. Ya pili, nisidai nimeiba mpaka nionyeshe nilichoiba, maana yake nikisome kwa sauti neno kwa neno. Nilipomuuliza mbona ananiwekea masharti kama ya mahakama, alijibu kwamba mke akianza kumwonea huruma mumewe, watakaoumia ni watu wengine kabisa ambao hatutawaona. Hapo alikuwa na haki, na nilimnunia siku nzima kwa sababu alikuwa na haki.

Safari hii kazi ilikuwa ya zahanati. Zahanati za mji wetu zilijiunga katika chama kimoja, zikataka majibu ya maabara na mafaili ya wagonjwa yapite kwenye mkongo mmoja wa fiba badala ya kubebwa kwenye bahasha na yeyote aliyekuwa na pikipiki. Daktari Mkuu wao, mama mmoja mfupi mwenye miwani ya kuning'iniza kwa kamba, alituambia bila kuzunguka: misimbo ya Kinyozi ikipita jaribio ataichukua, isipopita atanunua mfumo uliokwisha tengenezwa, na wauzaji walikuwa wanampigia simu kila siku. Mume wangu aliacha kufundisha chuoni kwa ajili ya misimbo hii. Chumba tulichofanyia kazi tulikuwa tumeazimwa kwa mradi huo tu. Ukianguka, tunarudisha funguo, yeye anarudi kuomba vipindi kwa vijana aliowafundisha, na vifungo vyote vinarudi kwenye mashati.

Niseme ukweli, nilitaka apite. Nilitaka kama mtoto anavyotaka. Lakini nilipokuwa naketi kwenye mashine zangu nilikuwa nataka kumvunja, na sikuona kwamba mambo hayo mawili yanapingana. Ndivyo ninavyompenda mimi.

Chumbani mwetu mwa kazi, mwizi siku zote alikaa kwenye mkongo mkuu, pale visanduku vyote vya kutuma mwanga, kimoja kwa kila zahanati, vinapokutana na mwanga wa wote unachanganyika. Asubuhi tunawasha visanduku vyote, jioni tunavizima vyote. Niliketi pale nikachambua ule mchanganyiko kwa kila hila niliyoijua na nyingine nilizozibuni mwenyewe, nikaambulia patupu. Mume wangu ananiletea chai, anatazama uso wangu, anaondoka akipiga mluzi. Mluzi wenyewe hajui kuupiga, ni upepo tu.

Siku ya jaribio tulikwenda kwenye zahanati mojawapo. Yeye aliingia chumba cha kumbukumbu, akafunga mlango wenye kidirisha cha kioo, akakaa kwenye kibodi kutuma maneno ya majaribio. Daktari Mkuu alikuwa zahanati ya pili, ng'ambo ya mji, kuyapokea, kisha angekuja tukutane. Mimi nilitakiwa kwenda kwenye nguzo ya barabarani, matawi yanapoungana na mkongo. Nilibeba mashine zangu nikapita koridoni, katikati ya wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi wakimeza mate ya kungoja, nikifuata ule uzi kwa macho ili usinipotee. Ulitoka kwenye tundu la ukuta wa chumba cha kumbukumbu, ukapita juu ya mabenchi umebanwa kwa misumari midogo, ukaingia ukuta mwingine. Nikazunguka nje nione unatokea wapi. Ulitokea ndani ya duka la fotokopi, nyuma ya rafu ya karatasi, ukashuka hadi usawa wa goti langu, ndipo ukapanda kwenda kwenye nguzo.

Nikasimama palepale. Mwenye duka aliniuliza nataka kurasa ngapi, sikumjibu.

Uzi ule ulikuwa peke yake. Zahanati nyingine zote zingekuja kuungana nao mbele, kwenye nguzo, lakini hapa nyuma ya rafu ulibeba sauti ya mtu mmoja tu. Chumbani kwetu matawi yalikuwa vipande vya nyaya vilivyokunjwa mezani, vifupi kama kamba za viatu, hatukuwahi kuvihesabu kuwa ni mahali. Nani angeiba kwenye kamba ya kiatu? Sote wawili tulikuwa tumeshughulika na umati, yeye akiulinda, mimi nikiuchambua, mpaka tukasahau kwamba kabla mtu hajaingia kwenye umati huwa anatembea peke yake.

Nilimwomba mwenye fotokopi kigoda. Nikaukunja uzi kidogo, hivi tu, kama unavyokunja mrija wa maji, mwanga kidogo ukavuja, nikauwekea kinasa cha bei rahisi kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Sikuhitaji msimbo wowote. Mwanga ukiwaka ni moja, giza likiingia ni sifuri. Mpangilio uliompotezea mume wangu vifungo na nywele ulikuwa hauna kazi tena, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumtofautisha naye. Nikaiacha kompyuta igeuze moja na sifuri kuwa herufi, na herufi zikaanza kujipanga kwenye kioo.

Hapo nieleze kitu kimoja. Maneno ya majaribio hayakuwa na maana yoyote kwa kazi yetu. Alitakiwa kuandika chochote, na mpokeaji alitakiwa kuhesabu makosa tu, asisome. Mashine ya Daktari Mkuu haikuonyesha hata maneno. Mtu pekee duniani aliyekuwa anajaribu kuyasoma ni mimi, na mimi nilikuwa siwezi.

Jaribio, jaribio, aliandika mume wangu. Mwizi kapita koridoni, kanuna. Amevaa blauzi ya kijani ambayo haina kifungo cha juu, na bado hajagundua. Kifungo ninacho mimi.

Nikashika shingo yangu. Kweli hakikuwepo.

Daktari ameniuliza kama naogopa, aliendelea. Nimemwambia hapana. Mwongo mimi. Leo asubuhi Mwizi alikuwa anagombana na kabati, nikasimama mlangoni kumtazama. Nilitaka kumwambia kwamba mpaka leo nikisikia funguo zake mlangoni moyo unanidunda. Nikamuuliza kama ameona soksi zangu.

Ilikuwa kweli. Aliniuliza, na nikamjibu kwamba soksi zake hazijaolewa nami. Nilikaa kwenye kile kigoda, mashine ya fotokopi inanguruma mgongoni, nikasoma ukurasa mzima wa mambo ambayo sijawahi kuyasikia kutoka kwenye mdomo ule. Mume wangu si msemaji. Tulipooana, shangazi zangu walidhani ana maringo. Mimi nilijua ni haya zake tu, nikazizoea, nikaacha kungoja, na kumbe miaka yote hiyo alikuwa anasema. Alikuwa anasema kila siku, mahali pekee ambapo alikuwa na uhakika kwamba mke wake hawezi kumsikia.

Nililia kidogo. Mwenye fotokopi akanisogezea karatasi mbovu nijifutie, akaniambia bili za umeme zinawaliza wengi.

Halafu akili ikanirudia. Jaribio lilikuwa limeandikwa kwa maneno yetu wenyewe: mwizi atakaa kwenye mkongo mkuu. Ningeweza kutembea hadi kwenye nguzo, nikakaa, nikaambulia patupu kama kawaida, nikarudi nikasema sikupata kitu. Lisingekuwa hata uongo. Angepita. Tungebaki na chumba chetu, naye angebaki na siri yake, na mimi ningekuwa nimeisoma kimyakimya kama zawadi. Nilienda kweli hadi kwenye nguzo. Nilikaa pale na mashine zangu, nikaambulia patupu.

Tulikutana chumba cha kumbukumbu, sisi watatu, kati ya makabati ya chuma. Daktari Mkuu alisema makosa hayakuwepo kabisa, amefurahi. Mume wangu alikuwa amefunga shati kwa pini, anajitahidi asitabasamu. Daktari akanigeukia, akaniuliza kama mwizi ameondoka na chochote.

Mume wangu akanitazama. Hakuwa na wasiwasi hata chembe, na hilo ndilo lililonimaliza. Kama angekuwa na hofu labda ningemhurumia. Lakini aliniamini, na aliyemwamini si yule wa kabatini na soksi, ni Mwizi.

"Kwenye nguzo sikupata kitu," nikasema. "Kwenye duka la fotokopi nimepata vyote."

Mume wangu akauliza kwa sauti ndogo, mali iko wapi. Nilijua ataiuliza. Nikafungua kompyuta nikasoma. Nilianza vizuri, kwa sauti kavu ya kazini, jaribio jaribio, mwizi kanuna, kifungo cha blauzi. Daktari Mkuu akainua nyusi. Nilipofika kwenye kabati sauti ikaanza kunisaliti, macho yakajaa, nikawa sioni kioo vizuri, nikajikaza kisabuni nikasema kwamba akisikia funguo zangu mlangoni moyo unamwenda mbio.

"Unanidunda," mume wangu akasema, amekodolea sakafu. "Niliandika unanidunda. Neno kwa neno."

"Unanidunda," nikarudia.

Masikio yake yalikuwa yamewiva. Daktari Mkuu alivua miwani ikaning'inia kifuani, akafikicha macho kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema maneno hayo ni mazuri, na kwamba yeye ameolewa na mwanasheria na hajawahi kuandikiwa hata nusu yake. Lakini yangekuwa majibu ya msichana aliyekuja kupima kwa siri, akasema, yangekuwa yamesomwa kati ya karatasi na wino wa fotokopi. Hakuweza kuichukua misimbo ile. Tulikuwa tumeshaanza kukusanya nyaya aliposema pia kwamba katika wauzaji wote waliompigia simu, hakuna hata mmoja aliyekuja na mwizi wake. Zahanati zingengoja mpaka mwisho wa mwezi ujao, na sisi tulikuwa na muda huo huo.

Tulipofika mlangoni kwetu alisimama, funguo ziko mkononi mwangu, na mimi naogopa hata kuzitikisa.

"Ungeniambia nje," akasema.

"Ulinikataza kupiga hodi."

Akatikisa kichwa kwamba ndiyo, alinikataza, akaingia ndani. Sikujua ameumia kwa ajili ya misimbo au kwa ajili ya yale mengine, na nadhani naye hakujua. Mama mkwe alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaniuliza nani kafa. Nilimwambia hakufa mtu, nimemwibia mwanawe. Akasema afadhali, maana amezoea, akaenda kuchemsha maji.

Siku zilizofuata tuliishi kwa adabu, na nyumbani kwetu adabu ni dalili mbaya. Aliniita "mwenzangu". Alikuwa ananipisha mlangoni kama mgeni. Nilijaribu kumchokoza, nikamsifia mluzi wake, nikamvika kilemba cha ukoka waziwazi ili anitukane, akasema asante. Kazini alikaa mbele ya utepe wake na vifungo, amejiinamia, hataki chai.

Tiba yenyewe tuliijua siku ya pili tu, na tuliikubali bila ubishi. Kwanza, giza liondoke. Kila kisanduku kiwe na misimbo miwili, mmoja wa kusema moja na mwingine wa kusema sifuri, mwanga usizimike kamwe, ili anayehesabu kuwaka na kuzimika asipate cha kuhesabu. Pili, kila kisanduku kitume pia porojo, mimweko ya uongo kwa misimbo mingine inayobadilika ovyo, ili zahanati ikitoka mlangoni kwake itoke na umati wake mwenyewe, wa bandia. Vizuri sana. Ila misimbo ya kutosha kwa mambo hayo yote haikuwepo. Kila umbali kwenye utepe ulikuwa na mwenyewe. Akiongeza urefu wa utepe misimbo inaongezeka, lakini mtandao unapungua mwendo, na picha moja ya mfupa uliovunjika ingefika mgonjwa ameshapona. Alikata, akapanga, akakata. Mwezi ukaanza kumegeka.

Mimi ndimi niliyeishiwa uvumilivu kwanza. Ilikuwa Jumamosi mchana, kazi ameileta nyumbani, utepe umelala mezani na vifungo vimejaa juu yake. Mama mkwe alikuwa na sindano, anashona alichoweza kuokoa. Akaniambia nimletee blauzi yangu ya kijani na kifungo chake, kama mwanawe hajakimeza. Nilikuwa na hasira ya siku zote zile za "mwenzangu", nikaenda mezani, nikanyoosha mkono katikati ya vile vifungo vyote nikakichukua changu mara moja, bila kutafuta, kwa sababu vingine vyote vilikuwa vyeupe.

"Rudisha," mume wangu akasema.

Nikamwambia sirudishi, ni changu, na kama anataka misimbo akakwanyue makochi. Hakunisikia. Alikuwa anatazama mahali palipobaki wazi kwenye utepe, kisha mkono wangu, kisha tena utepe.

"Umekiona vipi?" akauliza.

Nikamjibu kwamba nina macho, kifungo ni cha kijani. Akaketi. Akamwomba mama yake lile bati la vifungo, ambalo mama mkwe amelijaza maisha yake yote na hampi mtu, na mama mkwe, alipoona uso wa mwanawe, akalitoa bila neno. Mume wangu akalimwaga mezani: vyekundu, vya bluu, vya njano, vya kahawia kama vya koti. Akaanza kupanga upya. Umbali kati ya chekundu na cha kijani, alisema, si umbali kati ya cha bluu na cha njano, hata ukiwa na urefu uleule. Mwanga nao una rangi. Kila mmweko ukipewa rangi yake, utepe uleule unabeba misimbo mara nyingi zaidi, bila kuurefusha. Watu wengine wameshalifanya hili, akasema, amelisoma, amelifundisha hata darasani, na bado amekaa na kifungo cha kijani kati ya vyeupe akakihesabu kama cheupe.

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kisha akakumbuka kwamba tuna adabu, akaacha. Nilikaa kando yake nikawa namtajia rangi. Mama mkwe alitaka ahakikishiwe kwamba vifungo vyake vitarudi, na wote wawili tulimdanganya.

Mwisho wa mwezi tulirudi zahanati. Safari hii jaribio liliandikwa upya: mwizi atakaa popote anapopenda. Nilipenda fotokopi. Mwenye duka alinisogezea kigoda changu na karatasi chache za machozi, akaniuliza kama umeme umepanda tena.

Nieleze nilikuwa na moyo gani siku hiyo, maana haukuwa moyo wa kazi. Nilitaka kuiba kuliko nilivyowahi kutaka maishani. Nilitaka kujua ananisema nini. Kama bado amekasirika, kama ameumia, kama neno "mwenzangu" litakwisha lini. Majibu yote yalikuwa yanapita pale kwenye goti langu, ndani ya kioo. Niliukunja uzi, mwanga ukavuja, nikauhesabu: umewaka, umewaka, umewaka, hauzimiki. Nikaugawa kwa rangi, kila rangi nikaitazama peke yake, nikapata vipande vya watu wengi ambao hawapo. Nikabadilisha kinasa. Nikalinganisha mmweko na mmweko, nikabahatisha misimbo, nikarudi mwanzo. Nilitumia kila nilichojifunza kwa kumwibia mtu huyo, na mtu huyo alikaa upande wa pili wa ukuta, hatua chache, na sikupata hata herufi moja.

Daktari Mkuu alipokuja, mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuingia. Sikusema kwamba haiibiki, kwa sababu sisemi nisichokijua; nilisema mimi nimekaa asubuhi nzima na sina mali. Akanitazama usoni kuona kama naficha, na nadhani aliona jinsi nilivyotaka kuwa nayo. Akampa mume wangu mkono, akaushika kwa mikono yake yote miwili, akamwambia wiki ijayo mafundi waanze kufunga visanduku zahanati zote. Kisha akaitwa na nesi, akatuacha.

Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nilitaka kumkumbatia, nikakunja nyaya. Yeye naye akakunja nyaya. Tulikunja nyaya koridoni kama watu wawili waliokodishwa na kampuni tofauti, mpaka nikashindwa kujizuia, nikamuuliza asubuhi yote ile alikuwa ananiandika nini.

"Namba," akasema. "Niliandika namba tu."

Nikamwangalia.

"Moja, mbili, tatu, nikifika mia narudi. Sikutaka kuyaweka humo tena." Aliweka waya chini. Alikwama, akaangalia dari, akaangalia wagonjwa kwenye benchi, ambao nao walimwangalia kwa hamu. Nilikuwa na maneno ya kumsaidia, mengi, yamenijaa mdomoni, nikayameza. "Kazi yangu ni kutengeneza kitu ambacho wewe huwezi kukisikia," akasema. "Nimekuwa nikiifanya hadi nyumbani."

Akakwama tena. Akaanza upya. Alisema lile la funguo, lote, kwa mdomo wake, kwa kigugumizi, mbele ya mama mmoja aliyeshika mtoto na mzee mwenye bandeji mguuni. Alisema mengine pia ambayo siyaandiki hapa. Yalichukua muda, na yalitoka vipandevipande, bila mpangilio wowote.

Nilimwambia nimemsikia.